Ramani ya Mji Ipigiwe Kura Mbele ya Wakazi



Mada yetu ni ardhi ya mji wa Bujumbura na nani mwenye kauli juu ya matumizi yake. Nautaja msimamo wangu mapema ili mnipime nao mpaka mwisho. Shamba la mpunga lisigeuzwe viwanja, uwanja wanaochezea watoto usigeuzwe maduka, wala mtaa wa makazi usigeuzwe wa maghala, mpaka mambo matatu yawe yametimia. Kwanza, mpango ubandikwe pale pale panapohusika. Pili, uelezwe kwa Kirundi na Kiswahili, siyo kwa Kifaransa cha ofisini peke yake. Tatu, madiwani waupigie kura hadharani, jina la kila mmoja likiandikwa pamoja na kura yake, wananchi wakiwa wamekaa wanasikiliza.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Mimi naona ni haja ya mji kama wetu, uliobanwa kati ya ziwa na milima, ambao kila kosa la ramani hulipwa kwa nyumba, na mara nyingine kwa roho za watu.

Mji uliochorwa na wengine

Tuanze na historia, maana ramani ya leo imekaa juu ya ramani za zamani.

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi hapa Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Wabelgiji wakauchukua mji, na baadaye ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Wabelgiji waligawa mji kwa rangi na asili za watu. Wazungu walipata sehemu zao katikati na kwenye miinuko yenye upepo. Wahindi na Waarabu walipangiwa mtaa wao wa biashara. Waafrika waliwekwa upande mwingine: Waislamu waliozungumza Kiswahili, wenye asili ya Manyema, ya Tanganyika na ya sehemu nyingine za Kongo, wakapewa Buyenzi, na wengine wakakaa mahali palipoitwa Belge, ambapo leo ni Bwiza. Miaka ya 1950 shirika la nyumba la Wabelgiji lililojulikana kama OCAF likajenga nyumba za Ngagara, nazo zilipangwa kwa hesabu na mstari.

Anayetembea Buyenzi leo bado anatembea ndani ya mchoro ule. Avenyu zimenyooka, zimepewa namba, na paseli, yaani viwanja, zimekatwa kwa kipimo kimoja. Kunyooka kwa barabara si dhambi. Hata gari la zimamoto linapenda barabara iliyonyooka. Ubaya ni kwamba hakuna mkazi wa Buyenzi aliyeulizwa wapi akae, jirani yake awe nani, na afanye kazi gani mbele ya mlango wake. Mstari ulichorwa mezani, watu wakahamishiwa ndani yake.

Hata hivyo watu hawakukaa kimya. Miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa mji huu walisimama kupinga kodi waliyotozwa wanawake wasiokuwa na waume. Ruanda-Urundi ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wakazi waliweza kuandika malalamiko yao yakafika mbali kuliko ofisi ya mtawala wa wilaya. Nawakumbusha jambo hili kwa sababu moja: hata pale ambapo sheria haikuwapa mwananchi kiti, wazee wetu, na hasa bibi zetu, walidai kusikilizwa juu ya mambo ya mji wao. Tunachodai leo si kigeni hapa.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ikawa Bujumbura. Mji ukaongezeka mpaka sensa ya mwaka 2008 ikahesabu watu 497,166, na tangu hapo umezidi kupanuka: kaskazini kuelekea Carama na Maramvya, kusini kuelekea Kanyosha na Ruziba, magharibi kuelekea Kajaga na Gatumba. Katikati ya safari hiyo ilikuja vita. Kuanzia mwaka 1993 karitie (mtaa) moja baada ya nyingine iligawanyika kwa kabila, watu wakafukuzwa katika nyumba walizozijenga, na mto au barabara ikawa mpaka usiovukwa. Buyenzi na Bwiza zilikaa mchanganyiko kwa muda mrefu kuliko nyingine, lakini mwaka 1995 nazo zilifikiwa. Tumeona kwa macho yetu kwamba kugawa ardhi ya mji kunaweza kuunganisha watu na kunaweza kuwaua. Baada ya kuona hayo, mtu hawezi kutuambia kwamba ramani ni kazi ya mafundi tu.

Nani anaamua leo

Katiba yetu haijatusahau. Kifungu cha 36 kinasema kila mtu ana haki ya mali, na hanyang'anywi mali hiyo isipokuwa kwa manufaa ya umma, kwa njia iliyowekwa na sheria, na kwa fidia ya haki inayotangulia. Tunayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2011. Tunayo sheria ya mwaka 2016 ya mipango miji, makazi na ujenzi. Karatasi zipo.

Tazameni sasa ngazi za uongozi. Chini kabisa lipo baraza la karitie, lenye watu 5 wanaochaguliwa bila kubeba bendera ya chama chochote. Hawa ndio wanaojua bomba gani limepasuka na mjane gani anasukumwa atoke kwenye paseli yake. Juu yao lipo baraza la komini, ambalo madiwani wake huchaguliwa kwa orodha za vyama. Baraza hili hupitisha bajeti ya komini na mpango wake wa maendeleo wa miaka 5. Juu zaidi lipo jimbo, na juu ya jimbo ipo wizara na idara zake zinazochora ramani, zinazopima viwanja, zinazovigawa na zinazosimamia vibali vya ujenzi.

Pengo liko hapo. Baraza la komini linapiga kura juu ya shule ngapi zijengwe katika miaka 5, lakini mchoro unaoamua shule hizo zitapata uwanja au hazitapata umeshachorwa kwingine. Diwani anapiga kura juu ya fedha za kuzibua mitaro, wakati uamuzi wa kujaza nyumba kwenye bonde linalopokea maji ya mitaro hiyo haukupita mbele yake. Tumempa kazi ya kulipia matokeo bila kumpa kauli juu ya chanzo.

Na umbali kati ya mwananchi na baraza umezidi kukua. Kwa miaka mingi Bujumbura ilikuwa na komini 13: Buterere, Buyenzi, Bwiza, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kanyosha, Kinama, Kinindo, Musaga, Ngagara, Nyakabiga na Rohero. Mtu wa Buyenzi alikwenda kwa miguu ofisini kwa administrateri, mkuu wa komini yake. Baadaye zikaunganishwa zikawa 3: Ntahangwa, Mukaza na Muha. Kisha sheria ya mwaka 2023 ikapunguza majimbo ya nchi nzima kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42, mpangilio uliofungamana na uchaguzi wa mwaka 2025. Sababu za kuunganisha zilitolewa, na mojawapo ni kuzipa komini nguvu ya kujitegemea. Sizipingi leo. Nasema tu kwamba komini ikiwa kubwa, diwani anazidi kuwa mbali na mtaro wa mtu, na kikao cha hadhara katika karitie kinazidi kuwa cha lazima.

Maji hayapigiwi kura

Kabla sijaeleza kinachofaa kupigiwa kura, nieleze kisichofaa.

Bujumbura imelala kwenye mteremko. Juu ni milima ya Mumirwa, chini ni ziwa, na kati yake inapita mito: Muha na Kanyosha kusini, Ntahangwa katikati, Nyabagere na mingine kaskazini, na Rusizi upande wa mpaka wa Kongo. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika mjini kwa kasi, yamebeba udongo na mawe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa iliporomosha maji juu ya Kamenge, Kinama, Buterere na Gatunguru. Watu zaidi ya 60 walikufa. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka usiku, wenyewe wakiwa wamelala ndani.

Ziwa nalo lina mwendo wake. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo mvua zikifuatana kwa miaka kadhaa ziwa hupanda polepole na hukawia kushuka. Kiwango tulichokizoea ni kama mita 774 juu ya usawa wa bahari. Miaka ya 1960 lilifika karibu mita 777, na wazee wanakumbuka. Mwaka 2024 likapanda tena hadi karibu na alama ile. Watu wa Kibenga, Kajaga na Gatumba waliona maji yakiingia sebuleni, na pale Gatumba watu walipanda mitumbwi kwenda majumbani mwao. Gatumba hiyo hiyo ilikuwa imeshapigwa na Rusizi mwezi Aprili 2020, maelfu wakahamia kwenye mahema.

Sheria ya Maji ya mwaka 2012 imeweka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika usiojengwa. Kati ya mwaka ule na leo zimejengwa hoteli, baa, maghala na majumba ya ghorofa ndani ya ukanda huo, baadhi yake yakiwa na karatasi za serikali. Ziwa halikusoma karatasi hizo.

Kwa hiyo nasema bila kuficha: baraza lisipewe mamlaka ya kupiga kura kwamba ukanda wa ziwa uwe mita 30, au kwamba ukingo wa Ntahangwa unaoporomoka kila masika ufae kwa nyumba. Wingi wa mikono haugeuzi mkondo wa maji. Vivyo hivyo baraza lisipige kura ya kumnyang'anya mtu mmoja haki yake ya fidia kwa sababu majirani 100 wanataka barabara ipite kwake. Mipaka hii miwili, ya usalama wa maisha na ya haki ya mtu, iwekwe na sheria na ilindwe na mahakama. Kazi ya baraza hapo ni kuitangaza mipaka hiyo, kuiwekea alama ardhini ionekane na kila mtu, na kukataa kibali chochote kinachoivuka, awe aliyeomba ni maskini wa Gatunguru au tajiri wa ufukweni. Maskini wa bondeni huwekewa alama nyekundu ukutani na kuambiwa abomoe. Haki haitasimama mpaka alama ile ile ichorwe na kwenye ukuta wa hoteli.

Buyenzi na gereji zake

Ndani ya mipaka hiyo yamebaki mambo mengi ya kuamuliwa, na hayo ndiyo yetu. Nichukue mfano wa Buyenzi, tuutazame kwa karibu.

Kwenye mchoro, Buyenzi ni mtaa wa makazi. Katika maisha, Buyenzi ni kiwanda. Saa mbili asubuhi avenyu imeshajaa: gari limeinuliwa juu ya magogo, kijana amelala chini yake, miguu tu ndiyo inayoonekana. Mbele yake mchomeaji vyuma amefunika uso na cheche zinaruka hadi kwenye kizingiti cha jirani. Pembeni mama anauza sambusa na maandazi. Nyuma ya nyumba ya mbele, ndani ya paseli hiyo hiyo, kuna vyumba vimepangana, familia nne au tano, bomba moja, choo kimoja, na mtoto anajaribu kusoma Kurani huku nyundo inapiga bati. Magari ya nusu ya nchi hutengenezwa hapa, na hapa hupatikana kipuri ambacho duka kubwa la katikati ya mji halina.

Mafuta machafu ya injini humwagwa kwenye mtaro. Mtaro unakwenda mtoni, mto unakwenda ziwani, na ziwani ndiko REGIDESO, shirika la maji, inakovuta maji tunayokunywa. Fundi anayemwaga mafuta yale asubuhi anayanywa jioni, na anamnywesha mtu wa Kiriri, mtaa wa matajiri, aliyemletea gari.

Mtu wa mezani akiletewa habari hii ana majibu mawili mepesi. La kwanza: gereji zote zihamishwe nje ya mji. Maelfu ya vijana watakosa kazi, na baada ya miezi michache gereji zitarudi usiku usiku. La pili: mtaa wote utangazwe kuwa wa viwanda. Kodi za vyumba zitapanda, wapangaji watafukuzwa, na wazee waliozaliwa hapa watauza paseli zao kwa bei ya kwanza watakayotajiwa.

Wakazi wakikalishwa pamoja wana majibu ambayo mtu wa mezani hayaoni. Wataweza kusema: kuchomea vyuma kuruhusiwe kwenye avenyu hizi na siyo zile, kuanzie saa fulani na kukome kabla ya Magharibi. Mafuta yakusanywe kwenye mapipa, na mwenye gereji asiyekuwa na pipa asifungue. Paseli iliyo karibu na shule au msikiti ibaki ya makazi. Ghorofa ziruhusiwe, lakini anayejenga aache njia ya maji na aonyeshe choo chake kitamwaga wapi. Kila kimoja kati ya hivi kina faida na hasara, kila kimoja kitampendeza mmoja na kumuudhi mwingine. Hapo ndipo kura ina kazi. Diwani ainuke aseme: mimi nimekubali avenyu hii iwe ya mafundi, na sababu yangu ni hii. Mwenye nyumba atakayekosa usingizi amjue, na fundi atakayepata mkate amjue. Uchaguzi ukifika, wote wawili watakuwa na la kumwambia.

Uwanja wa soko lililoungua

Asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Wengi humu ndani waliona moshi ule. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza mali siku moja, wengi wao wakiwa na mikopo ya benki juu ya bidhaa zilizokuwa majivu. Walitawanyika: wengine Ruvumera, wengine Kwa Siyoni, wengine Kamenge, Musaga na Kinindo, wengine wakabaki kuuza chini kando ya barabara wakikimbizana na polisi. Nao uwanja wenyewe, katikati kabisa ya mji, ulikaa mwaka baada ya mwaka bila soko.

Sitaki leo kurudia ugomvi wa moto ule. Nataka mtazame ile ardhi. Uwanja wa namna ile unaweza kuwa soko la wadogo kama zamani, au jengo la ghorofa la mwekezaji mwenye maduka ya vioo, au soko chini na ofisi juu, au kituo cha mabasi, au bustani. Kila chaguo linaamua nani atafanya biashara katikati ya mji na nani atasukumwa pembeni. Muuza vitenge mwenye mtaji mdogo hawezi kulipa kodi ya duka la kioo. Muuza mboga akipelekwa mbali na njia ya basi, mboga zinaoza. Hilo ni swali la kupigiwa kura hadharani: michoro miwili au mitatu ibandikwe ukutani pale pale, kodi inayotarajiwa kwa kila meza iandikwe kwenye kila mchoro, wafanyabiashara waitwe waseme, halafu baraza lihesabu mikono. Uamuzi wa namna hiyo ungeweza kukosea, ndiyo. Lakini ungepatikana mapema, na watu wangejua wajiandae vipi.

Majirani zetu

Tukifuata ziwa kuelekea kusini tunafika Kigoma. Mwanakijiji wa huko analindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa maoni na uamuzi unakwenda kwa waziri. Mvuvi na mkulima wa kijijini amepewa na sheria kiti ambacho mwalimu na daktari wa Bujumbura hawana katika karitie yao. Hivyo hoja kwamba watu wetu hawajawa tayari haina miguu.

Kenya nayo, chini ya katiba ya mwaka 2010, imeagiza mabaraza ya kaunti yakae hadharani, na sheria yake ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inamtaka anayebadilisha matumizi ya kiwanja awatangazie watu. Ukipita Nairobi utaona kibao kimesimikwa getini: kiwanja namba fulani, kilichokuwa cha nyumba ya familia moja, kinaombewa kuwa cha maghorofa, mwenye pingamizi aandike. Nairobi haijawa pepo kwa sababu hiyo. Majengo marefu yameota Kilimani na Kileleshwa pasipo maji wala majitaka ya kutosha, na wakazi wa Rhapta Road walilazimika kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hata hivyo walikuwa na cha kushika mkononi walipokwenda mahakamani: tangazo, sheria, na haki ya kuuliza nani aliidhinisha. Asiye na karatasi yoyote anakwenda na machozi tu.

Na sisi wenyewe tuna mizizi. Mushingantahe, mzee mwamuzi wa jadi ya Kirundi, hakuwahi kuamua mpaka wa shamba akiwa amejifungia chumbani. Alikaa nje, wenye ugomvi mbele yake, majirani wamezunguka, kila shahidi akasikilizwa, na neno lilipotolewa lilitolewa mbele ya wote. Mpaka wa itongo moja, yaani shamba moja la familia, ulistahili kikao cha wazi. Vipi mpaka wa mji mzima ustahili mlango uliofungwa?

Hoja za wanaopinga

Nimezisikia hoja tatu, na kila moja inastahili jibu la heshima.

Wanasema vikao vitachelewesha maendeleo, mwekezaji atakimbilia Kigali au Dar es Salaam. Mimi naona mwekezaji wa kweli anaogopa zaidi kujenga leo na kubomolewa kesho kwa amri mpya. Mpango uliopita barazani, wenye kumbukumbu na sahihi, unampa uhakika ambao barua ya mkubwa mmoja haimpi, maana mkubwa huyo anaweza kuhamishwa mwezi ujao. Anayekimbia kikao cha wazi huenda alikuwa na sababu ya kukikimbia.

Wanasema madiwani wote au karibu wote wanatoka chama kimoja, kwa hiyo kura itakuwa ya kugonga muhuri. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mambo ya paseli na mitaro hayafuati vyama. Diwani wa chama chochote ana shangazi anayekaa karibu na ule mtaro. Akilazimika kuinua mkono wake mbele ya shangazi, jina lake likaandikwa, atafikiri mara mbili. Na ndiyo sababu naomba wajumbe 5 wa karitie, ambao sheria imewatenga na vyama, wapewe nafasi ya kutoa maoni yao kwa maandishi kabla ya baraza la komini kupiga kura.

Wanasema madiwani watahongwa. Wapo watakaohongwa. Lakini kumhonga mtu mmoja ofisini ni rahisi kuliko kuhonga baraza zima mbele ya watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ndiyo mali kubwa kuliko zote tulizo nazo. Daftari la kura ni ulinzi wa mwanzo.

Ninachoomba

Ndugu zangu, sikuja kulaumu tu. Naomba mambo matano, na mengi kati yake yanaweza kuanza kabla sheria mpya haijatungwa.

La kwanza: ramani ya matumizi ya ardhi ya kila zoni, yaani kila sehemu ya komini, ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya zoni, chini ya paa, iwe kubwa kiasi cha mtu kuona paseli yake, na rangi zake zielezwe kwa Kirundi na Kiswahili. Ramani iliyofungiwa kabatini huko juu haimsaidii anayetaka kununua kiwanja asitapeliwe.

La pili: kila badiliko litangazwe kwa kibao kilichosimikwa kwenye ardhi yenyewe, na lisomwe misikitini, makanisani na redioni. Watu wetu husikiliza redio kuliko wanavyosoma gazeti la serikali.

La tatu: baraza la karitie liite kikao cha wakazi, wapangaji wakiwemo. Mpangaji hana hati, lakini ndiye anayelala pale, na akina mama wapewe saa inayowafaa, siyo saa ya soko.

La nne: baraza la komini lipige kura hadharani, majina na kura viandikwe, na nakala ibandikwe siku hiyo hiyo. Wizara ikitaka kwenda kinyume na kura hiyo, iwe na haki ya kufanya hivyo kwa ajili ya usalama au sheria, lakini iandike sababu na iweke sahihi.

La tano: mipaka ya maji iwekewe mawe. Kila baada ya hatua kadhaa, kando ya ziwa na kando ya mito yetu, pawe na jiwe lililopakwa rangi lisemalo hapa hapajengwi. Mtoto wa shule aweze kulionyesha kwa kidole.

Madiwani mliokaa safu ya mbele, nawaelekea ninyi. Hamhitaji kungoja kibali cha mtu ili kuanza. Katika kikao chenu kijacho cha kawaida, mmoja wenu aombe kwamba jambo lolote la ardhi litakalofika mbele ya baraza lisomwe milango ikiwa wazi na kura zihesabiwe kwa majina. Mwingine aunge mkono. Likipita, mtakuwa mmeanza. Likishindwa, wananchi watajua nani aliomba na nani alikataa, na hilo nalo ni mwanzo. Na ninyi wakazi, siku hiyo msiwaache peke yao: nendeni mkae pale, mnyamaze, msikilize, muandike majina.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.